Japani: Kutoka karata hadi riwaya za kompyuta, safari ya 07th Expansion

Kikundi kidogo cha 07th Expansion, nchini Japani, kilianza kwa kuchora karata za mchezo wa Leaf Fight. Mchezo huo ulipofifia, kikageukia riwaya za kompyuta: mchezaji anasoma hadithi kwenye skrini, picha na muziki vikimsindikiza.

Agosti 2002, sehemu ya kwanza ya Higurashi no Naku Koro ni iliuzwa kwenye CD huko Comiket, soko kubwa la Tokyo la kazi za mashabiki. Mwandishi wake, Ryukishi07, alikuwa mtumishi wa serikali. Wahusika aliwachora mwenyewe, mandhari yakatokana na picha za kijiji cha Shirakawa, na muziki ulikuwa wa bure.

Hatari ilikuwa moja: mchezaji hachagui lolote, kazi yake ni kusoma tu. Lakini mauaji ya kijijini yalikuwa fumbo, na wasomaji walilijadili huku wakisubiri sehemu mpya.

Sehemu ya nane ilitoka Agosti 2006, mwaka ambao hadithi hiyo iliingia kwenye televisheni. Ryukishi07 aliacha kazi ya serikali, akabaki na kalamu. Mwaka 2025 kampuni ya Konami ilitoa Silent Hill f, na hadithi yake ameiandika yeye.