Seti ya Upasuaji wa Uzazi: Vifaa, Mvuke na Hesabu

Mkoa wa Kigoma una mwambao mrefu wa Ziwa Tanganyika, na baadhi ya vijiji vyake vya kusini, kama Kalya na Buhingu wilayani Uvinza, hutegemea boti kuliko gari. Mjamzito ambaye uchungu wake umekwama hawezi kungoja siku nzima ili afikishwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, hasa ziwa linapochafuka. Kwa sababu hiyo mradi ulioanza mwaka 2006 kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies ulisaidia vituo vya afya mkoani humo kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto, na kazi hiyo ikashikwa zaidi na madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha miaka ya 1960.

Jengo likiwapo na mtaalamu akiwapo, usalama wa mama huegemea sinia la vifaa.

Seti ya upasuaji huu si kubwa. Ina kipini cha kisu chenye wembe wa kubadilishwa, mikasi walau miwili, mmoja wa kukatia mwili na mwingine wa nyuzi, maana uzi hutia makali butu, vibano vya kushikia ngozi na tishu, kishika sindano, bakuli la chuma, na vitambaa vya kufyonza damu. Kipanuzi cha Doyen huvuta kibofu cha mkojo kando ili kisu kisikiguse. Vibano vya Spencer Wells hubana mishipa inayovuja, na vya Kocher, vyenye jino nchani, hushika tishu ngumu. Vile vya Green-Armytage hubana kingo za mfuko wa uzazi pale palipochanwa, mahali ambapo damu hutoka kwa wingi. Vikikosekana hivi, mpasuaji hulazimika kushona huku haoni vizuri.

Majina hayo ni ya matabibu wa Ulaya, lakini isidhaniwe kwamba fani yenyewe ilikuwa ngeni katika maziwa makuu. Mwaka 1879 Robert Felkin aliushuhudia upasuaji wa namna hii Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mpasuaji alinawa kwa pombe ya ndizi, akazuia damu kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa vyema. Naye alikuwa na seti yake, iliyotimia kabla ya kisu kuinuliwa.

Kosa la kawaida ni kuhesabu vifaa kabatini na kuridhika. Linalopaswa kuulizwa ni seti ngapi kamili, zilizotakaswa na kukauka, zipo tayari saa hii. Kutakasa kwa mvuke wa nyuzi 121 huchukua dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa katika kitambaa, na muda huo huanza kuhesabiwa joto likishafika. Ongeza kuosha, kupasha moto na kukausha, na saa moja imepita. Kituo chenye seti moja kikipokea kina mama wawili usiku mmoja, wa pili atangoja saa hiyo yote au apasuliwe kwa vifaa visivyo salama. Seti mbili ni kiwango cha chini kabisa. Ya tatu si anasa.

Kuchemsha sufuriani hakutoshi, na mwinuko wa Kigoma huongeza ubaya. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya bahari, hivyo maji huchemka yakiwa nyuzi 97 hivi. Kwenye milima ya Kasulu na Buhigwe huchemka chini ya hapo. Mbegu za vijidudu vya pepopunda hustahimili hata nyuzi 100. Kwa sababu iyo hiyo, mshale wa otoklevu usomwe kwa uangalifu. Paundi 15 kwa inchi ya mraba, zinazotosha pwani, hazifikishi nyuzi 121 mjini Kigoma. Huhitajika kama 16 na ziada kidogo. Mashine yenye kipimajoto huondoa utata huu.

Mikasi na vibano vitakaswe vikiwa wazi, ili mvuke upenye maungioni. Utepe wa kiashiria ukibadilika rangi huonyesha kwamba pakiti imepita kwenye joto, wala si hakikisho kwamba vijidudu vimekufa. Pakiti iliyotoka na unyevu irudishwe mashinani. Kuhusu klorini, ambayo hula chuma, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 haupendekezi kuloweka vifaa humo kabla ya kuviosha.

Baada ya usafi huja hesabu. Vitambaa, sindano na vibano huhesabiwa kwa sauti na watu wawili kabla ya kupasua, kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, kabla ya kufunga tumbo na baada ya ngozi kushonwa, na idadi huandikwa ubaoni. Hesabu hii imo katika orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hesabu isipolingana tumbo halifungwi, hata kama mpasuaji amechoka na boti la rufaa linangoja, isipokuwa hali ya mama hairuhusu kuchelewa. Hapo tofauti hiyo huandikwa kwenye faili, na picha ya eksirei hutafutwa.

Mama aliyepasuliwa, au ndugu yake, anaweza kuuliza kabla ya kuruhusiwa kama hesabu ilitimia. Ni swali la haki na halimvunjii mtumishi heshima. Homa, tumbo kuvimba, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au usaha kwenye mshono ni sababu ya kurudi kituoni siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.