Mbweha wa barafuni, wa jangwani na wa Serengeti

Mwaka 2018, mbweha jike mchanga aliyevishwa kola ya satelaiti na watafiti wa Norway aliondoka Spitsbergen, kisiwa cha kaskazini ya mbali, akashika njia juu ya bahari iliyoganda. Alikatiza Greenland, siku moja akienda kilomita 155, na baada ya siku 76 akaingia kisiwa cha Ellesmere, Kanada. Alikuwa amemaliza kilomita 3,506. Watafiti waliokuwa wakifuatilia mwendo wake walishuku kwamba labda amekufa na mzoga umebebwa na meli. Hapakuwa na meli yoyote eneo lile.

Huyo ni mbweha wa Aktiki, mmoja wa spishi 12 za jenasi Vulpes. Masikio yake ni mafupi ili yasipoteze joto, nyayo zina manyoya, na mwili hufunikwa na manyoya mazito yanayokuwa meupe msimu wa baridi na ya kahawia theluji inapoyeyuka. Hula panya wadogo waitwao lemingi. Wakiadimika, humwandama dubu mweupe ili aokoteze mabaki ya sili.

Sahara mambo ni kinyume. Feneki, mdogo kuliko mbweha wote, hafikishi hata kilo mbili, lakini masikio yake huweza kufika sentimita 15. Damu ikipita humo hupoa, na masikio hayohayo hunasa mchakacho wa wadudu walio chini ya mchanga. Nyayo zake nazo zina manyoya, ila kazi yake ni kumkinga na mchanga unaounguza. Mchana hujichimbia shimoni, usiku hutoka, na anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji kwa kutegemea yaliyomo kwenye chakula.

Anayejulikana zaidi ni mbweha mwekundu, mwizi wa kuku katika hadithi za Ulaya. Hakuna mla nyama wa porini aliyeenea kumzidi: yumo kwenye milima ya Oman, kwenye misitu ya Siberia na kwenye bustani za London, ambako hupekua mapipa ya taka. Walowezi wa Kiingereza walimpeleka Australia karne ya 19 wapate wa kumwinda, naye akageuka balaa kwa wanyama wadogo wa huko.

Wa kwetu kuku hawamhusu.

Mbweha masikio, aliyepewa na wanasayansi jenasi ya peke yake, anaishi kwenye nyanda za majani mafupi kuanzia Ethiopia hadi Serengeti, kisha anapatikana tena kusini mwa Afrika. Chakula chake kikuu ni mchwa wakata majani. Jua likizama huonekana akinyata, kichwa chini, masikio ya sentimita 13 yakielekea ardhini. Anasimama. Anageuza kichwa kidogo, anasikiliza, kisha anawalamba mchwa juu ya udongo au anafukua mabuu ya mende. Ana meno 46 hadi 50, ilhali mbwa ana 42, na taya lake huweza kufunguka na kufunga hadi mara tano kwa sekunde.

Chakula hicho ndicho kinachopanga maisha ya familia. Mchwa hawabebeki, hivyo dume hawezi kumpelekea jike aliyejifungua. Jike lazima atoke mwenyewe usiku akale apate maziwa, na baba ndiye anayebaki shimoni: huwalinda watoto, huwasafisha manyoya na kucheza nao.

Chui, fisi na tai humwinda, lakini pia huuawa na magonjwa ya mbwa, hasa kichaa na distempa. Mlipuko wa distempa wa 1994, ulioua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, uliwakumba mbweha masikio pia. Kwa hiyo wewe unayefuga mbwa kandokando ya hifadhi, wataalamu wa chanjo wakifika kijijini wapeleke mbwa wako wote, na vitoto vyao. Kichaa cha mbwa hudhibitiwa pale angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa.