Taa ya Nixie: Tarakimu Zinazowaka Ndani ya Gesi

Taa ya Nixie ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa na kutiwa gesi ya neoni, ambayo ndani yake zimepangwa, moja nyuma ya nyingine, tarakimu 0 hadi 9 za chuma chembamba. Kila tarakimu ni kathodi, yaani ncha hasi ya umeme, na mbele yake husimama wavu ulio anodi, yaani ncha chanya. Umeme unapopitishwa kati ya wavu na tarakimu moja, atomu za neoni zilizo karibu na tarakimu hiyo hugongwa na elektroni, zikapata nishati, kisha zikaitoa kama mwanga wa rangi ya chungwa. Kwa hiyo kinachong'aa si chuma, bali ni gesi inayokizunguka.

Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizileta sokoni mwaka 1955, nazo zikatumika katika vipimo na vikokotoo hadi zilipoanza kuondolewa na diodi zitoazo mwanga katika miaka ya 1970. Viwanda vya Kisovieti viliendelea kuziunda baadaye, na akiba ya aina za IN-12 na IN-14 ndiyo inayowafaa wengi wanaojifunza leo.

Anayeanza hahitaji kukimbilia saa ya taa sita, kwa kuwa taa moja humfundisha misingi yote. Neoni huhitaji volti 170 hivi ili iwake, hivyo hutumika saketi ya kupandisha volti 12 hadi kiwango hicho. Gesi ikishawaka, ukinzani wake hushuka, na mkondo ungeongezeka hadi kuiharibu taa kama usingezuiwa na rezista iliyounganishwa kwenye anodi: chanzo kikiwa na volti 180 na taa ikishika 140, volti 40 zinazosalia, zikigawanywa kwa miliampia 2.5, hudai rezista ya omu 16,000. Kuchagua tarakimu ni kazi ya kipande cha K155ID1, kinachopokea namba kwa alama nne za mfumo wa jozi na kuiunganisha kathodi husika na upande hasi.

Tarakimu isiyowashwa kwa muda mrefu hufunikwa na chembe za chuma zinazoruka kutoka kwa jirani zake, ikaanza kuwaka kwa mabaka. Kinga yake ni kuziwasha zote kwa zamu mara kwa mara.

Umeme wa volti 170 hivi unaoiwasha taa unaweza kuua, na kapasita huuhifadhi hata baada ya chanzo kuzimwa. Kabla ya kugusa saketi, ni lazima chanzo kizimwe, kapasita ipunguzwe chaji kupitia rezista, na volti zipimwe kwa mita hadi zifike sifuri.