Mkojo wawa malighafi ya seli za figo, bidhaa bado haijafika sokoni

KITU ambacho kila mtu hukimwaga chooni bila kukifikiria kimekuwa kikiwaniwa na maabara kwa zaidi ya miaka 15 sasa. Ni mkojo, na wanaoutaka ni watafiti wanaotafuta njia ya kukarabati figo zilizoharibika.

Wanachokitafuta ndani yake ni seli shina, yaani seli ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu mwilini na ambazo zinaweza kuzaana na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Kwa muda mrefu chanzo chake kikuu kilikuwa uboho. Kuupata ni shughuli pevu: mtoaji hupigwa ganzi au kulazwa usingizi, kisha sindano nene huingizwa kwenye mfupa wa nyonga. Daktari, chumba na dawa vyote huingia kwenye bei kabla hata seli moja haijakuzwa.

Mwaka 2008 kundi la watafiti likiongozwa na Dk. Yuanyuan Zhang wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, mjini Winston-Salem, jimbo la North Carolina nchini Marekani, lilieleza kuwa mkojo wa kawaida una seli za namna hiyo. Ni chache mno, lakini zikipata chakula chake maabara huongezeka kwa kasi. Mwaka 2013 kundi hilo lilionyesha zinakotoka. Wanawake waliopandikizwa figo za wanaume walikutwa na seli zenye kromosomu ya kiume katika mkojo wao. Hivyo ilionekana wazi kuwa chanzo chake ni figo yenyewe.

Vyanzo vingine visivyohitaji kisu wala sindano ni kitovu na kondo la nyuma, ambavyo kwa kawaida hutupwa mama akishajifungua. Tofauti ni kwamba hizo ni seli za mtu mwingine, wakati za mkojo ni za mgonjwa mwenyewe na mwili wake hauna sababu ya kuzikataa.

Kwa hesabu za haraka, malighafi ya bure ingepaswa kuzaa bidhaa rahisi. Sivyo. Kama ilivyo kwa korosho, gharama haiko kwenye gunia bali kwenye ubanguaji. Mkojo hubeba bakteria, hivyo seli lazima zisafishwe, zikuzwe kwa wiki kadhaa katika chumba kisicho na vijidudu, zipimwe na kugandishwa kwenye naitrojeni ya maji. Aidha, kila mgonjwa ni shehena yake peke yake. Hakuna kutengeneza nyingi kwa mpigo ili bei ishuke.

Wawekezaji wameshaonja ugumu huo kwa seli za vyanzo vingine. Kampuni ya Tengion, iliyoingia soko la hisa la Marekani mwaka 2010 ikitegemea teknolojia ya kukuza viungo, ilifilisika Desemba 2014. Teknolojia yake ya figo ilirithiwa na ProKidney, iliyoorodheshwa Nasdaq Julai 2022. ProKidney haitumii mkojo. Humega kipande kidogo cha figo ya mgonjwa kwa sindano, hukuza seli zake na kuzirudisha kwenye figo za mgonjwa huyo huyo, na imefikia hatua ya tatu ya majaribio. Kwa upande wa uboho, kampuni ya AlloCure ilijaribu seli za watoaji kwa wagonjwa 156 ambao figo zao zilipata mshtuko baada ya upasuaji wa moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa waliopewa seli hawakupona haraka kuliko wasiopewa.

Seli za mkojo zenyewe zimefanyiwa kazi zaidi kwenye panya. Huko inaonekana hazijengi figo mpya. Hutoa kemikali zinazopunguza uvimbe na kusaidia seli zilizobaki. Hilo si dogo, lakini vichujio vya figo, ambavyo ni karibu milioni moja kwa kila figo, huundwa kabla ya mtu kuzaliwa na vikifa havioti tena.

Hadi sasa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa ajili ya figo. Kwa familia inayolipia usafishaji wa damu mara tatu kwa wiki, au inayochangishana ili ndugu apandikizwe Muhimbili, ambako huduma hiyo ilianza mwaka 2017, jambo hilo lina uzito. Anayewauzia sindano ya seli shina za figo leo anauza kitu ambacho wenye maabara wenyewe bado wanakijaribu.

Kuna kikwazo kingine kisichotajwa sana na wanaosifia chanzo hiki. Wagonjwa wengi waliofikia hatua ya kusafishwa damu hutoa mkojo kidogo, na wengine hawatoi kabisa. Mwenye shida kubwa ndiye mwenye malighafi ndogo. Njia iliyopo ni kuchukua mkojo mapema, figo zikiwa bado zinafanya kazi, na kuzihifadhi seli kwenye baridi kwa miaka. Bili ya baridi hiyo bado haijapata wa kuilipa.