UA LISILO NA SUBIRA

Watoto, mnajua kwamba msitu wa Walikale hutupa mbao, kuni na dawa. Lakini chini ya miti mikubwa ya misitu ya Kongo mashariki, mahali penye kivuli na unyevu, huota pia mmea mdogo ambao watu wa Ulaya huununua kwa fedha na kuutunza nyumbani, karibu na dirisha. Sisi hupita na kuukanyaga. Leo tujifunze kuutambua, kuupanda na kuuponya.

1. Tuutambue

Shina lake ni nene, laini, limejaa maji. Halina ugumu wa mti. Majani yamekusanyika juu, na kingo zake zina meno madogo. Maua hutokea penye shina lenyewe, nayo huning'inia kwa vikonyo vyembamba. Yana rangi nyekundu na manjano, tena yamepinda kama mdomo wa ndege. Kwa hiyo Waingereza huuita mmea huu kasuku wa Kongo.

Nyuma ya ua kuna kifuko chenye maji matamu. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, huja kuyanywa. Unga wa ua humshika, naye huupeleka kwa ua jingine. Ndipo tunda hupatikana.

Mwaka 1909 mtaalamu Mjerumani Ernst Gilg aliupa jina la Kilatini: Impatiens niamniamensis. Niam-Niam ni jina la zamani walilopewa Wazande, wakaaji wa kaskazini ya Kongo. Na impatiens maana yake ni «asiye na subira». Kwa nini? Gusa tunda lililokomaa: litapasuka mara moja na kurusha mbegu zake mbali!

2. Namna ya kuupanda

Usiung'oe mmea mzima. Kata ncha ya tawi, urefu wa sentimita 10, chini kidogo ya kifundo. Ondoa maua na majani ya chini. Tia tawi katika kikombe cha maji, ukiweke kivulini. Baada ya wiki chache utaona mizizi myeupe.

Sasa twaa kopo la zamani na kulitoboa matundu chini, maji yapate njia ya kutoka. Jaza udongo mweusi uliochanganywa na mchanga kidogo. Panda tawi lako, kisha liweke barazani, penye mwanga lakini pasipo jua kali. Mwagilia kila udongo wa juu unapoanza kukauka.

3. Ukiugua

Majani yamelegea. Usikimbilie maji! Kwanza tia kidole udongoni. Kama udongo ni mkavu, mwagilia, nao mmea utainuka. Kama udongo umelowa, mizizi inaoza: ukiongeza maji utauua. Zibua matundu ya kopo, acha udongo ukauke kidogo, na ukate ncha iliyo nzima ili upande upya. Dalili ni moja, sababu ni mbili.

Shina ni refu na jembamba, majani ni machache. Mmea unatafuta mwanga. Usogeze, ukate ncha yake, nao utatoa matawi.

Majani yana alama za kahawia kama za moto. Jua limeyachoma. Urudishe kivulini.

Majani yana vidoa vya manjano, na chini yake kuna utando mwembamba. Ni utitiri, wadudu wadogo kama vumbi. Osha majani kwa maji, hasa upande wa chini. Rudia mpaka waishe.

Chini ya majani kuna unga mweupe, nayo yanaanguka. Ng'oa mmea huo na kuuchoma, usije ukaambukiza mingine.

4. Msitu ni ghala

Mmea wetu una ndugu katika Afrika ya mashariki. John Kirk aliupeleka Uingereza kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 ukaitwa Impatiens sultani, kwa heshima ya sultani wa huko. Leo unaitwa Impatiens walleriana, nao umeenea katika bustani nyingi za dunia. Lakini mwaka 2011 ugonjwa wa unga mweupe uliharibu bustani nyingi za Uingereza, na mwaka uliofuata Marekani. Watunza bustani wakafanya nini? Walipanda ndugu mwingine, aliyetoka misitu ya New Guinea, kwa maana yeye hustahimili ugonjwa ule.

Basi mmea wa porini tunaoudharau leo unaweza kuwa msaada kesho. Miti ikifyekwa yote, kivuli kinakwisha. Kivuli kikiisha, ua hili hunyauka, na chozi hukosa chakula chake. Anayelima shamba na aache miti kandokando ya kijito. Hapo ua lisilo na subira litaendelea kuishi.

Maswali

1. Kwa nini ua hili linaitwa «asiye na subira»?
2. Majani yakilegea, utafanya nini kwanza? Kwa nini?
3. Matundu ya kopo yana kazi gani?
4. Taja mmea mwingine wa kivulini unaoota karibu na kwenu. Eleza shina, majani na maua yake.