Stashahada ya Filamu: Ufundi Kwanza, Jina Baadaye

Stashahada ya utayarishaji wa filamu na televisheni ni elimu ya ufundi kabla ya kuwa elimu ya sanaa. Mwanafunzi aliyekuja chuoni akiota kiti cha mwongozaji hujikuta akikunja nyaya, akichaji betri na kuandika namba kwenye kadi za kumbukumbu. Inachosha, lakini ndiyo kazi ambayo wengi huanza nayo wakiajiriwa.

Nchini Tanzania, kozi hizi hufuata NTA, mfumo wa kitaifa wa ngazi za tuzo za ufundi unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi: ngazi ya 4 na ya 5 ni vyeti, ya 6 ni stashahada. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ilijijengea jina kwa ngoma na maigizo kabla filamu haijapata nafasi yake. Kenya wana chuo cha mawasiliano ya umma cha KIMC, Nairobi, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1961 kuandaa mafundi wa redio.

Kinachomtofautisha aliyesoma na aliyejifunzia mtaani huonekana kwenye mambo madogo. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Anayerekodi fremu 30 kwa sekunde huku shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ikiwa 1/60 ya sekunde anaweza kurudi nyumbani na picha yenye michirizi inayotembea ukutani. Fundi hurekodi fremu 25, shata 1/50 ya sekunde, na tatizo linaisha kabla halijaanza.

Sauti ni somo gumu zaidi, na ndilo linalodharauliwa zaidi. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini mazungumzo yasiyosikika humfanya abadilishe chaneli. Ndiyo maana kabla ya kuondoka mahali pa kurekodia, fundi sauti huwaomba wote wanyamaze kwa nusu dakika na kurekodi ukimya wa chumba chenyewe. Jogoo akiwa amewika katikati ya sentensi mbili, mhariri hukata mlio wake na kuziba pengo kwa ukimya ule. Bila huo, pengo husikika kama sauti imezimwa ghafla.

Kisha yako masomo ambayo wanafunzi huyakwepa: bajeti, mikataba, ratiba, vibali vya Bodi ya Filamu, haki za muziki. Filamu nyingi hukwama hapo, wala si kwenye kamera.

Darasa peke yake halitoshi, na vyuo vinalijua hilo. Ndiyo sababu ya mafunzo kazini, yaani fildi, au atachimenti kama wasemavyo Wakenya. Mfano mzuri wa mafunzo ya juu ya vitendo ni mradi wa One Fine Day jijini Nairobi, ulioasisiwa na Marie Steinmann na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer. Washiriki walihudhuria warsha, kisha baadhi yao walitengeneza filamu kamili, kila idara ikisimamiwa na mkongwe wa fani hiyo. Humo zilitoka Soul Boy ya Hawa Essuman (2010), iliyopigwa Kibera; Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga (2012); na Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Nchini Uganda, mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mwaka 2004 kwa nia inayofanana na hiyo.

Soko la wahitimu halipo kwenye sinema pekee. Harusi, matangazo ya biashara, vipindi vya mashirika na video za mitandaoni ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba ya mafundi wengi.

Mzazi au kijana anayetafuta chuo asiangalie picha za studio kwenye kipeperushi. Aulize mambo matatu: wanafunzi wangapi hugawana kamera moja, nani anafundisha sauti, na wahitimu wa mwaka jana wanafanya kazi wapi. Chuo kikishindwa kujibu la tatu, ada ibaki mfukoni.