Televisheni ya pili ndani ya boti: namna ya kuifunga bila kuhatarisha abiria



Familia nyingi za Mashariki ya Kongo zimejua kuhama kwa njia ya maji. Barabara ikifungwa na vita, au ikikatwa na mvua, kinachobaki ni ziwa. Mwaka 1997 meli ya MV Liemba ilirudisha Wakongo zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Kigoma. Tangu Oktoba 2005 wengine walianza kuvuka Tanganyika kurudi Baraka. Na katika Ziwa Kivu, watu wa Minova, Kalehe na Idjwi wamezoea boti kama wengine walivyozoea basi.

Safari hizo ni ndefu na zinachosha. Kwa hiyo wenye boti wengi wameweka televisheni ili abiria wapitishe saa. Shida ni kwamba televisheni huwa moja, nayo hufungwa mbele, pale wanapokaa waliolipa bei ya juu. Mama aliyekimbia na watoto wanne na godoro lake hukaa nyuma, karibu na moteri, akisikia vicheko vya watu wa mbele bila kujua wanacheka nini. Viongozi wa wahami hulalamika, na mwenye boti hujibu kwamba ataongeza ya pili. Makala hii inaeleza namna ya kuiongeza. Tunaiandika kwa mafundi, lakini zaidi kwa ninyi viongozi wa kamati, ili mjue la kuuliza kabla watu wenu hawajapanda.

Uzito wa watazamaji

Watu hudhani televisheni ni starehe tu. Kwenye boti ni jambo la uzito. Mpira ukichezwa, na skrini ikiwa imefungwa upande wa kushoto, wasioona vizuri husogea kushoto. Watu 40 wakisogea, tukikadiria kilo 60 kwa kila mmoja, ni kilo 2,400 zilizohama upande kwa dakika moja, na hapo hatujahesabu mizigo waliyoibeba. Boti ya mbao iliyojaa, yenye magunia juu ya paa na vijana juu ya magunia, haivumilii mambo hayo.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Ilikuwa imebeba abiria kupita kiasi, na picha zilizopigwa siku ile zinaonyesha ilivyolala ubavu kabla ya kupinduka. Hatusemi kwamba televisheni ndiyo iliyoizamisha. Tunaitaja kwa sababu wengi wenu mliiona, na mnajua kwamba boti ikishalala upande hakuna tena muda wa kupanga watu.

Kwa hiyo swali la kwanza si la waya. Ni hili: skrini itakaa wapi? Jibu letu ni katikati ya upana wa boti. Ya kwanza mbele, katikati. Ya pili nyuma, katikati. Kila moja juu kidogo ya vichwa, ili aliyekaa aone bila kusimama. Isizibe mlango wala kufunika mahali panapowekwa majaketi ya kuokolea. Tena isionekane kutoka kwenye usukani. Usiku, mwanga wa skrini hupofusha macho ya nahodha, naye akiinua uso kutazama ziwa haoni mtumbwi wa mvuvi usio na taa. Kitambaa cheusi nyuma ya usukani kinatosha kuzuia mwanga huo.

Umeme utoke wapi?

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Fundi huona betri iliyo karibu, anaunganisha nyaya mbili, televisheni inawaka, analipwa na kwenda zake. Lakini betri ile ndiyo ya kuwashia moteri. Moteri ikizimwa katikati ya ziwa, na televisheni mbili zikaendelea kuwaka saa tatu au nne, asubuhi moteri haitawaka, pampu ya kutoa maji haitafanya kazi, na mawimbi yatawapeleka yanakotaka. Televisheni ziwe na betri yao. Hilo msilijadili na mwenye boti, ni sharti.

Hesabu yake si ngumu. Televisheni ya kisasa ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja hula wati 30 hivi, maana yake ni ampea 2.5. Mbili ni ampea 5. Ongeza dekoda, jumla iwe ampea 6. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kumalizwa. Tumia nusu tu, yaani 50, la sivyo itakufa upesi. Hamsini kugawanya kwa sita ni saa nane hivi. Hiyo ni safari ya usiku. Televisheni za zamani zenye kioo kizito nyuma hula umeme mara mbili au tatu ya huo, tena zinahitaji inverta ya kugeuza volti 12 kuwa 220. Hatuzipendi ndani ya boti. Volti 220 pamoja na miguu iliyolowa maji ni kifo.

Boti zenye moteri kubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana. Usikubali fundi achukue volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Itawaka, ndiyo, lakini betri ile moja itachoka huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili zimeharibika. Kinachotakiwa ni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12. Hata kwenye boti ya volti 12, moteri ikizunguka umeme hupanda kufikia volti 14 na zaidi, na televisheni nyingine hazivumilii. Kirekebisha umeme kidogo huzuia hasara hiyo.

Sasa waya. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene ndani haufai, kwa sababu mtikisiko wa moteri huukata polepole, mahali usipopaona. Tumia wa shaba wenye nyuzi nyingi. Unene nao una maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kutoka betri hadi televisheni ya nyuma ni mita 10, na umeme hurudi, kwa hiyo ni mita 20. Waya wa milimita 1.5 za mraba, ukibeba ampea 3, hupoteza karibu volti 0.7 njiani. Betri ikiwa imeshuka kidogo, televisheni inapata volti 11 na ushee, na inazima yenyewe; fundi anaitwa, anasema televisheni ni mbovu, mwenye boti ananunua nyingine. Waya wa milimita 4 za mraba ungepoteza robo ya volti tu. Ni ghali kidogo kuuliko ule mwembamba, lakini ni rahisi kuliko televisheni.

Fyuzi, ambayo mafundi waliosoma kwa Kifaransa huiita fusible, ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, isizidi urefu wa kiganja. Wengine huiweka nyuma ya televisheni. Hapo hailindi chochote, maana hatari ni waya wenyewe: ukichubuliwa na msumari au kuguguniwa na panya katikati ya njia, utakuwa mwekundu kama mkaa juu ya mbao zilizolowa mafuta. Fyuzi ya ampea 5 kwa kila televisheni inatosha. Ikiungua, tafuteni sababu. Msiwaruhusu kuifunga kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya.

Betri iwekwe mahali penye hewa, imefungwa kwa mkanda isiteleze, na mbali na mapipa ya mafuta. Inapojazwa hutoa gesi inayowaka, na mvuke wa petroli hautaki zaidi ya cheche moja.

Antena: ya pili inahitajika kweli?

Mara nyingi haihitajiki. Antena moja nzuri inaweza kulisha televisheni mbili kupitia kigawanya mawimbi, kile kiboksi kidogo chenye tundu moja upande huu na mawili upande wa pili. Lakini kila televisheni hupata chini ya nusu ya nguvu iliyoingia. Kama picha ya kwanza ilikuwa inasuasua, sasa zote mbili zitakufa. Hapo weka busta, nayo ikae juu, karibu na antena, kabla ya kigawanya. Ukiiweka chini baada ya kugawanya, inakuza pia takataka zote zilizookotwa njiani. Kusokota nyaya za antena kwa vidole na kuzifunga kwa plasta, kama tunavyoona kila mahali, ni kutupa mawimbi majini.

Ukiamua kuweka antena ya pili, iwe na waya wake hadi televisheni yake. Usiziunganishe antena mbili kwenye kiboksi kimoja ukidhani nguvu zitajumlishwa. Kwenye boti inayogeuka zitagombana. Ziachane angalau mita moja, na zikae mbali na antena ya redio ya mawasiliano, maana redio hiyo ndiyo itakayoita msaada. Waya wa antena uwe ule mnene wa omu 75. Kabla haujaingia ndani, uache uning'inie kidogo kama tumbo, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasiufuate hadi kwenye televisheni. Viungo vya nje vifunikwe kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vikiwa vimevutwa na kufungwa vizuri. Vinadumu.

Antena ya mfupa wa samaki huona mbali, lakini huona upande mmoja tu. Boti ikigeuka picha inapotea, kisha kijana anatumwa juu ya paa kuizungusha, gizani, kukiwa na mawimbi. Tunaomba jambo hilo likome. Antena ya duara hupokea kidogo kidogo kutoka pande zote na haihitaji mtu. Sahani ya setilaiti ya kawaida inafaa boti ikiwa imefungwa bandarini. Ikiondoka, sahani inapoteza shabaha.

Mjue pia kwamba mambo yamebadilika tangu enzi za picha zenye mchanga. Rwanda, ng'ambo ya Kivu, ilihamia dijitali kabisa mwaka 2014. Mawimbi ya dijitali hayafifii polepole: picha ni safi, kisha inakatika vipande, kisha hakuna kitu. Milima ya Kivu huyaziba. Ukipita nyuma ya kisiwa cha Idjwi, antena hata kumi hazitasaidia. Kwa hiyo televisheni inayosoma flashi ni muhimu kuliko antena ya gharama.

Radi ni jambo jingine. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na mlingoti wenye antena ndio kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji. Mawingu yakikusanyika, televisheni zizimwe, waya wa antena uchomolewe, na watu wakae mbali nao.

Nani anachagua kipindi?

Dekoda moja huonyesha stesheni moja kwa wakati mmoja. Ikilisha skrini zote mbili, wa mbele na wa nyuma wanatazama kitu kimoja. Sisi tunaona hiyo ni faida. Dekoda mbili huzaa boti mbili: huku wanashangilia, kule wanashuku kwamba wanachekwa.

Habari za vita ni ngumu zaidi. Abiria wa boti moja wanaweza kuwa wamekimbia makundi tofauti, na stesheni inayosema kwa mdomo wa upande mmoja huwasha maneno kabla ya bandari inayofuata. Filamu za risasi nazo tunazikataa. Mtoto aliyetoka vijijini usiku wa mapigano akisikia milio ile gizani, analia; mama yake anasimama; wengine wanasimama kuuliza kuna nini. Tumerudi kwenye zile kilo 2,400.

Kabla ya kung'oa nanga, nahodha, mjumbe wa abiria na mama mmoja kutoka kwa wahami wakubaliane: mpira, maigizo, mafundisho ya afya, nyimbo. Sauti iwe ya chini kiasi kwamba mtu akipiga kelele kuwa kuna aliyeanguka majini, asikike. Na karibu na usukani kuwe na swichi moja inayozima televisheni zote mbili mara moja, ili nahodha akitaka kusema, asigombanie sauti na mtangazaji.

Mwisho ni jaribio, nalo lifanyike bandarini, mkiwapo. Moteri iwashwe, televisheni zote mbili ziwake nusu saa. Shikeni waya kwa mkono mahali popote mnapofikia, pamoja na kishikio cha fyuzi: kukiwa na joto, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea, na boti isiondoke zikiwa zinawaka. Moteri izimwe, na televisheni ziendelee saa moja. Kisha nahodha awashe moteri tena. Ikisita hata kidogo, fundi amedanganya kuhusu betri. Kabla hajalipwa, aache fyuzi tatu za akiba ndani ya kikopo chenye kifuniko, kwa nahodha.